Vijiti vya kupimia sukari vifike zahanati

Mhariri,

Mama yangu ana kisukari. Kila mwezi hupanda bodaboda, kisha basi, hadi hospitali ya wilaya kufuata insulini, ambayo nyumbani huihifadhi ndani ya chungu cha udongo kilicholowanishwa maji, maana jokofu hatuna. Zahanati ya kijijini ina mashine ya kupimia sukari. Vijiti vyake ndivyo havipo. Alipogunduliwa, kidonda cha mguu kilikuwa kimeshaoza. Alikatwa vidole viwili.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kadi ya bima itamsaidia nini mgonjwa akifika dirishani akaambiwa dawa hakuna? Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 asilimia 80 ya wenye kisukari wawe wamegunduliwa. Kupima ni tone moja la damu kidoleni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofika majumbani kwetu wapewe vifaa, wafundishwe na kukagua miguu.

Naiomba Wizara ya Afya ianze na vijiti hivyo.

Msomaji wako,
Singida