Madirisha mawili na ruwaza chache kwa kijitabu chako

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na watoto wamesharudi shule. Nimefurahi sana kusikia kwamba tafsiri ya kile kijitabu cha afya umepewa wewe. Ila huko kuruka kutoka faili ya Kiingereza kwenda ya Kiswahili na kurudi tena, sentensi kwa sentensi, kutakuchosha bure kabla hujafika sura ya tatu. Vim, ile programu ya kuhariri maandishi, unayo tayari kwenye laptopu yako, kwa hiyo fanya hivi.

Kwenye terminali, pale pa kuandikia amri, fungua faili zote mbili kwa mpigo: `vim -O asili.txt tafsiri.txt`. Hiyo O iwe kubwa. Ndogo hupanga madirisha juu na chini, na mfasiri anahitaji aya na mwenzake ziwe ubavu kwa ubavu. Kisha andika `:windo set scrollbind`. Kuanzia hapo, ukishuka upande mmoja, wa pili unashuka nao. Sharti lake ni kwamba Vim inafuata namba za mistari tu, haijui maana. Aya iliyo mstari wa 40 kwenye asili ikae mstari wa 40 kwenye tafsiri, kila aya mstari mmoja, bila kubonyeza Enter katikati. Ongeza `:windo set linebreak` ili neno lisikatwe vipande ukingoni mwa dirisha. Pande mbili zikiachana, `:syncbind` inazirudisha pamoja.

Dirisha la tatu ni la istilahi ulizokubaliana na mhariri: `:botright 8split istilahi.txt`. Litakaa chini kabisa, upana wote wa skrini, mistari minane. Lifungue baada ya ile amri ya scrollbind, maana `windo` huagiza madirisha yote yaliyopo na hili halitakiwi kufuata mwendo wa wenzake. Ukiwa ndani yake andika `:set winfixheight` lisije likatanuka. Kuhama dirisha ni Ctrl-W kisha h, j, k au l; kusawazisha upana ni Ctrl-W kisha alama ya =. Ukimaliza kazi ya siku, `:mksession! kazi.vim`, na kesho `vim -S kazi.vim` inakurudishia mpangilio huo huo. Njia za mkato zipo nyingi mno, lakini kwa kazi yako hizi zinatosha.

Sasa kutafuta, ambako ndiko nilikotaka kufika. Kiswahili chetu kinabadilika mwanzoni mwa neno na mwishoni pia, mzizi umekaa katikati. Ukitafuta "soma" peke yake utakosa wasomi na masomo. Andika ruwaza, yaani umbo la maneno unayoyatafuta, hivi: `/\<\k*som\k*\>`. Alama `\<` na `\>` ni mipaka ya neno, na `\k*` ni herufi zozote za neno. Utapata anasoma, walisomeshwa, kisomo, vyote. Utapata na Msomali pia. Kama anakusumbua, mwondoe kwa `/\<\k*som\(ali\)\@!\k*\>`, yaani "som" isiyofuatwa na "ali".

Umesema mhariri anataka "mgonjwa" awe "mteja", kama wanavyosema kliniki nyingi siku hizi. Tafadhali usibadilishe "gonjwa" kuwa "teja" kwa pamoja. "Magonjwa" yote yatageuka "mateja", na unajua mtaani mateja ni akina nani. Kijitabu cha afya hakiwezi kutoka na kitu kama hicho. Kwanza weka `:set ignorecase smartcase`, ili Vim ipate neno hata likianza kwa herufi kubwa, halafu:

`:%s/\v<(m|wa)gonjwa>/\1teja/gc`

Ile `\v` inakuruhusu kuandika mabano na mipaka bila kurundika mikwaju. Mabano yanashika kiambishi, "m" au "wa", na `\1` inakirudisha kama kilivyokuwa, hata kama kilianza kwa herufi kubwa: "Wagonjwa" wanakuwa "Wateja". "Magonjwa" hayaguswi. Na hiyo `c` ya mwisho usiiache hata ukiwa na haraka. Vim itasimama kwenye kila neno ikuulize. "Mgonjwa aje na kadi", jibu y. "Mtoto mgonjwa anyonyeshwe zaidi", jibu n, maana hapo mgonjwa ni sifa ya mtoto. Kompyuta haiwezi kukuamulia hilo, na mimi nadhani hapo ndipo kazi ya mfasiri inapoonekana.

Jambo jingine ni ng'. Faili zilizopitia Word huja na kile kikoma cha juu kilichopinda, kwa hiyo ukitafuta "kung'oa" kwa kikoma kilichonyooka huoni kitu, na neno limeandikwa pale pale mbele yako. Vinyooshe vyote: `:%s/ng\zs\%u2019/'/g`. `\%u2019` ndicho kile kilichopinda, na `\zs` inaiambia Vim ianze kubadilisha hapo, herufi za nyuma ziachwe. Kisha `:set iskeyword+=39`, ili kikoma kihesabiwe kuwa sehemu ya neno. Sasa weka kishale juu ya "ng'ombe", bonyeza `*`, na neno zima litatafutwa, si kipande.

Mwisho kabisa, kabla hujatuma, pita na `/\v<(\k+)\_s+\1>`. Inakamata neno lililoandikwa mara mbili mfululizo, "ya ya", "kwa kwa". Itakuonyesha na "moja moja" na "pole pole", hizo ziache zilivyo. Kama sura ziko kwenye faili tofauti, `:vimgrep /\v<(m|wa)gonjwa>/g sura*.txt` halafu `:copen`, nawe utapata orodha ya kila mahali, unabonyeza Enter unafika.

Na siku moja andika `:help uganda`. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alijitolea Kibaale kusini mwa Uganda mwaka 1994 kwenye kazi za maji na usafi. Tangu hapo aliwaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto wa huko, na ombi hilo limo ndani ya programu hadi leo, ingawa yeye alifariki Agosti 2023. Nampenda kwa hilo kuliko kwa amri zote nilizokuandikia.

Nitumie sura ya kwanza ikiwa tayari, pamoja na istilahi zako. Ya lishe nataka niisome mwenyewe. Msalimie mama na wote hapo nyumbani.

Wako daima,
Mfasiri mwenzio