Unataka tela la mizigo liwe nyumba? Usianze na kabati

Wengi wanaotutafuta wanakuja na picha ya jiko na kitanda walivyovipenda mahali, tela lenyewe bado hawajaliinamia hata kuliangalia chini, na swali la kwanza linakuwa kabati zitachukua siku ngapi. Tunawaelewa kabisa, nyumba ni nyumba na kila mtu anataka ipendeze. Ila karakana yetu haifungi hata skrubu moja mpaka tela limwagiwe maji, likaguliwe chini na lipimwe uzito, na leo nataka nieleze sababu, manake kuna wateja wanadhani tunawazungusha ili bili ipande.

Sababu ni kwamba tela hilo lilitengenezwa kwa ajili ya mzigo. Mzigo unapakiwa, unafika, unashushwa, na muda wote huo haupumui, haupiki, hauogi, na hauhitaji kukimbia nje usiku moshi ukitanda. Wewe unafanya yote hayo, tena vitu vyako havishushwi, vinakaa juu ya ekseli, yaani ule mhimili wa matairi, mwaka mzima.

Tuanze na maji. Tela lililofanya kazi miaka kadhaa karibu lazima liwe na mahali linavuja, na pa kuvuja ni palepale siku zote: kona za paa, maungio ya mabati, kwenye taa za juu, na kila tundu la skrubu lililolegea kwa mtikisiko wa barabara. Mtu mmoja anapanda na mpira wa maji, mwingine anakaa ndani na tochi, na hatuna haraka hapo, maji tunayaacha yatiririke sehemu moja vya kutosha ndio tuhamie nyingine, maana uvujaji mwingine unachelewa kujionyesha. Kisha tunachukua bisibisi ya kawaida tunachoma plaiwudi ya sakafu kwenye kona za mlango wa nyuma na pembeni ya matairi. Ubao mzima unagoma, ncha inaishia juu juu. Ubao uliooza bisibisi inazama kama kwenye mkate, ukiichomoa inatoka na unyevu na unga mweusi, na mara nyingi juu yake kuna zulia jipya zuri ambalo muuzaji ameliweka. Sakafu ya hivyo inang'olewa, hamna njia nyingine, na ukishaing'oa ndio unaona vyuma vya chini vina kutu kiasi gani.

Halafu jamani, ile silikoni ya madirisha ya nyumbani msipake kwenye paa la tela. Inabanduka mapema bati likianza kutanuka na kusinyaa kwa jua na baridi, na mbaya zaidi ikishapita hapo gundi nyingine haishiki mpaka ukwangue yote. Tumia dawa ya kuziba iliyotengenezwa kwa mapaa ya matela, inabaki laini.

Sasa uzito, na hapa ndipo ndoto nyingi zinapokwama. Kwenye chasi kuna kibati kinachoandika uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa tela tupu, kinachobaki ndicho ulichonacho kwa KILA kitu, yaani kuta, kitanda, jiko, betri, maji, nguo, vyombo, na ile genereta utakayokuja kuikumbuka baadaye. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 ni kilo 150 kabla hujaweka hata kijiko. Plaiwudi nene ya milimita 18, shiti moja kubwa, inacheza kwenye kilo 30 kutegemea mbao, wakati ya milimita 6 ni kama theluthi ya hapo. Ndio maana mteja akituambia kabati zote ziwe za ubao mnene tunamkalisha chini tupige hesabu pamoja, na karibu wote wanabadili mawazo wenyewe.

Na sio jumla tu, mpangilio nao una kazi. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, tela linaanza kuyumba kushoto kulia ukishika mwendo na linaweza kulivuta gari lote likapinduka. Kwa haya matela ya kufungwa kwenye tufe la chuma la kuvutia lililo nyuma ya gari, mafundi wengi wanalenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye ndoano ya mbele ya tela, ila kama kitabu cha gari lako kinataja kikomo kidogo kuliko hapo fuata kitabu. Maji na betri tunaviweka karibu na ekseli au mbele yake kidogo, jiko zito kabisa nyuma tunakataa hata kama kwenye picha lilipendeza.

Matairi usiangalie kashata, yaani meno ya tairi, peke yake. Tela linasimama sana, kwa hiyo tairi linazeeka kabla halijaisha. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba ya kiwandani, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita sisi tunabadilisha, na beringi tunafungua tunaosha tunapaka grisi mpya.

Baada ya hapo ndio tunaingia kwenye pumzi. Mbavu za chuma za tela zinapitisha baridi moja kwa moja, usiku ukipumua mvuke unakwenda kugeuka maji kwenye chuma na bati, unateremka nyuma ya ukuta wako mpya na kuozesha kimya kimya. Kupika kunazidisha, gesi kilo moja ikiungua inazalisha maji zaidi ya lita moja na nusu kama mvuke, humo humo ndani. Kwa hiyo bodi za povu gumu za kuzuia baridi tunazigandisha kabisa kwenye bati bila kuacha nafasi ya hewa nyuma, mbavu nazo tunazifunika, na feni ya paani inayotoa hewa sio hiari, pamoja na tundu la chini la kuingizia hewa maana feni bila pa kuvuta inazunguka bure.

Mtungi wa gesi unakaa nje kwenye kisanduku chenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Alamu ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha, ni lazima, maana gesi hiyo haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Umeme sitaurefusha, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, waya uwe mnene wa kutosha, na betri za lithiamu msizichaji zikiwa chini ya nyuzi 0.

Kitu kinachonitisha kuliko vyote ni mlango. Matela mengi ya mizigo yanafungwa kwa nondo ya nje, mtu yeyote akipita akaisukuma wewe uliyelala ndani huna pa kutokea. Hiyo nondo tunaitoa na kuweka kitasa kinachofunguka kwa ndani, na upande wa pili tunaweka dirisha kubwa la kutokea la mtu mzima. Mteja akikataa dirisha hilo kazi hatuichukui. Na tela likiwa linavutwa asikae mtu ndani, hata kwa mwendo mfupi.

Kabla ya kukata dirisha lolote ulizia pia ofisi ya usajili wa magari na bima yako, sehemu nyingi tela likishakuwa la kulala linahesabiwa aina nyingine.

Kwa hiyo ukitaka tukupe bei ya kweli, tutumie picha ya kile kibati cha uzito, zile tarakimu nne za kila tairi, picha za chini ya sakafu na za kona za mlango wa nyuma zulia likiwa limefunuliwa, na utuambie tela lilikuwa linabeba nini, maana lililobeba dawa za mashamba au mafuta harufu yake inaingia kwenye mbao na hilo ni bora tulijue mapema. Picha ya jiko nayo tutumie, tutaifikia.