Mjomba, hiyo sheria ya watoto wawili hapana

Mjomba shikamoo. Meseji yako ya kwenye grupu la familia nimeisoma, kwamba serikali itunge sheria kila mama azae wawili basi, kama China. Naijibu hapa wazi maana wenye mawazo kama yako ni wengi na hoja yenyewe sio ya kupuuza, sensa ya 2012 Watanzania tulikuwa kama milioni 45, ya 2022 tukafika milioni 61.7, madarasa yamejaa mpaka watoto wanakaa chini, hilo nakubali kabisa.

Ila hiyo China mjomba. Mwaka 1970 mwanamke wa kule alikuwa anazaa wastani wa karibu watoto 6, kufika 1979 hawafiki 3, na hapo sheria ya mtoto mmoja ndo kwanza inaanza! Kazi kubwa ilishafanyika, kwa kampeni ya kuchelewa kuoa na kupishanisha umri wa watoto (nayo ilikuwa na shinikizo lake, sikatai). Sheria ilipokuja ikaja na faini, wanawake wakatolewa mimba kwa nguvu, wengine wakafungwa kizazi, na waliozaliwa bila ruhusa wengi wakakosa usajili, sensa yao ya 2010 ilikuta watu kama milioni 13 hivyo, mtu yupo hai ila kwenye makaratasi hayupo, kusoma tabu, kutibiwa tabu. Na kwa vile wengi walitaka huyo mmoja awe wa kiume, mimba za kike zikatolewa, leo kuna wanaume kibao hawana wa kuoa. 2016 wakaruhusu wawili, 2021 watatu, sasa wanawabembeleza watu wazae na watu hawataki.

India nao wakati wa hali ya hatari ya waziri mkuu wao Indira Gandhi walifunga uzazi watu zaidi ya milioni 8 kwa mwaka mmoja wa fedha, 1976/77, wengi wanaume maskini, walimu wakapangiwa idadi ya watu wa kupeleka la sivyo mshahara unazuiwa. Uchaguzi wa 1977 wananchi wakamng'oa, na mpango wenyewe wa uzazi ukaogopwa miaka mingi.

Na hapa kwetu itakuwaje? Mwenye hela atalipa faini azae hata wa tano, atakayebebwa kwa gari ni binti wa kijijini asiye na mtu wa kumpigia simu. Hilo ndo linaniuma mjomba.

Bangladesh hawakuweka sheria ya idadi, wakatuma wanawake wenzao nyumba kwa nyumba na vidonge vya uzazi wa mpango, mabinti wakasoma, miaka ya 70 walikuwa wanazaa zaidi ya 6, leo kama wawili. Sisi tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, hiyo ndo njia. Ila zahanati ya kwetu mama anafuata sindano ya uzazi wa mpango anaambiwa zimeisha rudi wiki ijayo, akirudi ana mimba. Wewe na diwani mnajuana, hilo la sindano mbane nalo kabla ya bajeti.