Shoga, bamia haitaki baridi

Makorora, Tanga
Oktoba, kusi inaishia

Shoga yangu Mama Nuru,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima wewe, shemeji na wanao, na kikohozi cha yule mdogo kimeshatulia. Huku sote hatujambo. Mama anakusalimu, ila anasema umemtupa. Ama baada ya salamu, barua yako imefika pamoja na kikapu. Karoti tumezitafuna mbichi hata jikoni hazikufika, na letusi nimewagawia majirani kidogo kidogo, wajue na mimi nina mtu Lushoto.

Sasa nikujibu hilo linalokuuma. Unasema bamia ulizopanda Juni zimeota tano sita tu, zikasimama kimo cha kidole, majani ya njano, na jirani yako anakucheka. Tena unanichomea kijembe kwamba mbegu nilizokupa zilikuwa za mwaka juzi. Mbegu ni zile zile, shoga. Nilizifukia na mimi hapa uani, na mchuzi wake tumeshaula mpaka watoto wananung'unika. Kilichozishinda ni usiku wa huko kwenu.

Maana Tanga na Lushoto ni mkoa mmoja. Jua linatuchomozea karibu wakati mmoja, na mchana wako ni mrefu sawa na wangu. Tofauti yote imeletwa na mlima. Bwana shamba wa kata yetu ananiambia kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, na mji wa Lushoto uko kwenye mita kama 1,400, wakati mimi nikitoka kidogo tu nakanyaga maji ya bahari. Toa nyuzi nane au tisa kwenye joto la Tanga, ndiyo hali unayoishi. Gari likiacha Mombo likaanza kuzunguka zile kona za Soni, ni kilomita 33 tu, lakini umeshatoka kwenye nchi ya bamia umeingia kwenye nchi ya kabichi.

Watu wengi huangalia jua la mchana tu. Wewe mwenyewe umeandika, "mbona jua lipo?" Lipo, ila bamia inaangalia na usiku. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 15 mizizi yake inagoma, na Julai huko usiku unaweza kukaribia nyuzi 10. Hata ungeimwagia samadi ya zizi zima, isingeondoka pale.

Lakini usikate tamaa, maana wakati wake ndio huu unaoingia. Kuanzia sasa hadi Februari ndiyo miezi yako ya joto. Loweka mbegu usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, ukiamka utazikuta zimevimba. Usizipeleke shambani. Zitie kwenye ndoo kuukuu au viroba, uviegemeze kwenye ule ukuta wa jiko unaopigwa na jua la alasiri, kwa sababu ukuta hukaa na moto wake hadi usiku unaanza. Ndoo nyeusi ni bora kuliko nyeupe. Mbili mbili kila shimo, kisha ung'oe iliyo dhaifu. Hapa Tanga naanza kuchuma kabla miezi miwili haijatimia. Huko ongeza wiki kadhaa na usiihesabie siku. Ukianza kuchuma, chuma kila baada ya siku moja, zikiwa ndogo kama kidole cha mkono. Ukiacha moja ikomae mtini, mti wote unaona kazi imekwisha, hauzai tena.

Mchicha nao ni mtoto wa joto. Mimi namwaga mbegu nimezichanganya na mchanga zisirundikane, wiki ya tatu au ya nne tunang'oa, nazi inakunwa, mambo yanakwenda. Huko umwage Novemba ukichelewa sana Machi, na uwe na subira. Miezi ya baridi uuache kabisa. Panda figiri, sukuma wiki, chainizi, na mnavu, ambao huko juu nimeuona una majani mapana kuliko wa kwetu. Hao wote wanaifurahia baridi, wala haina haja ya kuwabembeleza.

Na mimi umenitaka nijaribu kabichi. Nakushukuru kwa mbegu, lakini nimempa dada, akampe mtu mwingine. Jirani yetu wa nyuma alipanda kabichi mwaka jana, akaihamisha kutoka kitaluni Januari, kaskazi inavuma, usiku watu wanalala barazani. Ilistawi! Majani makubwa, kijani chenye kama unga wa buluu kwa juu, kila mpita njia anasifu. Basi tukawa tunangoja ifunge. Majani yakazidi kutanuka, yamelala chali. Wadudu wakayatoboa yakawa kama chekeche. Mwisho akawakatia mbuzi wake, na nadhani mbuzi ndio waliopata faida. Kabichi inataka nyuzi 15 hadi 20 ndipo ikunje majani yake. Kaskazi ya Tanga usiku peke yake inapita hapo. Najua ziko mbegu chotara zinazovumilia joto, na ukizipanda mwezi wa Mei, kusi imeshika, utapata vichwa vidogo. Lakini ua wangu unaujua ulivyo. Nipoteze miezi mitatu kwa kabichi ya ukubwa wa chungwa, wakati lori la Lushoto linashusha kabichi sokoni Ngamiani mpaka zinaviringika barabarani? Nafasi niliyo nayo naipa kile ambacho nyie hamwezi kunishushia kikiwa kibichi: bamia, matembele, majani ya kunde, mchunga, bilinganya, nyanya chungu. Majani ya kunde yakisafiri toka Mombo tu yameshalegea.

Letusi peke yake ndiyo naing'ang'ania, sababu ya uroho. Tatizo lake huku si kukua, ni kuota. Udongo ukipita nyuzi 30 mbegu inalala tu, unaweza kumwagilia mwezi mzima. Sasa sikiliza dawa yake. Nafunga mbegu kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, nakiweka juu ya ule mchanga uliokalia mtungi wa maji, pale penye ubaridi. Baada ya siku mbili nafungua, naona kila mbegu imetoa ncha nyeupe, nyembamba kuliko uzi. Hapo ndipo nazipanda, jioni, juu juu tu bila kuzifukia sana, kwa kuwa mbegu ya letusi hutaka kuona mwanga. Juu naweka kivuli cha makuti. Nachuma majani machanga, sisubiri ifunge, maana ikiona joto hurefuka katikati, hutoa ua, na jani linakuwa chungu hata kuku anasusa. Nafanya hivi Juni hadi Agosti. Miezi mingine nakungoja wewe.

Umeniuliza habari za nyanya, na hapa ndipo pagumu, maana tunaugua magonjwa tofauti. Adui yako ni bakajani. Ukungu wa asubuhi ukitanda kwenye hiyo milima, jani linakaa na maji mpaka saa nne, doa la kahawia linatokea, ukiligeuza chini unaona kama manyoya meupe, na kwa wiki moja shina zima limeungua. Basi usizipande kando ya viazi mviringo hata kidogo, ugonjwa wao ni mmoja na wanaambukizana. Zipe nafasi upepo upite, kata majani yote yanayogusa chini, mwagilia kwenye shina badala ya juu, na kama shemeji ana muda azijengee kipaa cha nailoni. Jani kavu haliugui bakajani. Dawa ya ukungu ipige kabla, ukisubiri madoa umechelewa.

Adui yangu mimi ni mnyauko. Mche uko kijani, una maua, mchana unaukuta umeinama, jioni unanyanyuka kidogo, kesho ndio basi. Nilipoona hivyo bwana shamba alikata shina karibu na ardhi, akalitumbukiza kwenye bilauri ya maji safi. Tukakaa tunaangalia. Baada ya dakika chache ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa, taratibu, mpaka chini ya bilauri. Ndio bakteria wenyewe hao wanaotoka kwenye mishipa ya mmea. Dawa hakuna. Unang'oa mche na udongo wake, na pale hupandi tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi kwa misimu kadhaa. Ndiyo maana siku hizi nyanya zangu zote ziko kwenye viroba vya udongo mpya, na nasia kitalu Aprili ili maua yatoke Julai, usiku una nafuu. Zikitoa maua kwenye kaskazi hupukutika, unabaki na majani ya kupamba nyumba.

Na kantangaze, yule nondo wa nyanya, nisimtaje? Tangu aingie nchini 2014 hachagui joto wala baridi. Jani lenye njia nyeupe za kuzungukazunguka liminye kwa vidole, kiwavi yumo ndani. Tunda lililotobolewa lifukie chini sana, usilitupe jalalani akaendelea kuzaliana.

Kuhusu majivu uliyosema unamwaga bustanini: wewe endelea, kwa kiasi. Udongo wa huko juu umeoshwa na mvua, una uchachu, majivu yanausaidia. Ila usinipe ushauri huo mimi. Sisi chini yetu ni matumbawe, chokaa imejaa, nikiongeza majivu majani yanakuwa ya njano na mishipa ya kijani. Majivu ya jikoni kwangu nayamwaga chooni. Samadi ndiyo sote tunaihitaji, na hapa haina shida kwa jinsi Tanga ilivyo na wafuga ng'ombe wa maziwa. Iache ioze sawasawa, hasa ya kuku, na kwenye karoti usitie mbichi kabisa. Zinaota miguu miwili mitatu.

Dada yangu aliyehamia Mwambani ana mtihani mwingine usiokuhusu, lakini utacheka. Kisima chake kina chumvi. Maharage yaliungua kingo za majani yakafa, pilipili ikadumaa, ila spinachi imetanda hadi njiani. Akadhani kisima kina jini. Kumbe hii spinachi yetu ya majani mapana ni ukoo mmoja na kiazi sukari, na babu yao ni mmea wa pwani za Ulaya uliozoea chumvi ya bahari. Nimemwambia akinge maji ya paa kwa ajili ya vile vingine, na amwagilie mizizi tu, asiloweshe majani. Halafu alikuwa ametandaza usumba wa makumbi uliofukiwa ufukweni na wasuka kamba! Chumvi juu ya chumvi. Usumba unashika unyevu vizuri mno kwenye mchanga wetu, lakini uliotoka baharini lazima uuloweke na kuumwaga maji mara kadhaa kwanza.

Haya, nisikuchoshe. Nimekutumia kwa kijana wa basi la asubuhi kifuko chenye mbegu za bamia, mchicha na kunde. Za kunde zipande Desemba, tena chache, sehemu ya jua tupu. Nimezikausha kivulini na kuzitia majivu kidogo dhidi ya vipekecha, kwa hiyo ukiona vumbi usiniandikie tena kwamba ni za mwaka juzi. Na wewe nishushie mbegu za figiri ya huko, nitaisia mwakani kusi ikirudi, pamoja na njegere mbichi za kula, walau kisadolini kimoja. Harusi ya binti wa Mama Salha ni mwezi wa kumi na mbili, sare ni ya samawati, fedha ya kitambaa inatakiwa mapema. Ukija, njoo na letusi, pilau litakuwepo.

Msalimie shemeji, wabusu watoto.

Shoga yako,
Mama Rukia