Programu ya simu isiyosema Kiswahili humfanya mzee atoe namba yake ya siri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu programu za simu zinazorahisisha maisha ya kila siku. Mwandishi wenu alizipanga vizuri kwa kazi zake: za kutuma fedha, za mawasiliano, za kutafuta njia, za kuweka hesabu ya matumizi ya nyumbani. Nakubaliana naye kwa mengi. Lipo hata hivyo swali moja ambalo hakuliuliza kuhusu programu yoyote, nalo kwangu ndilo linalotangulia mengine yote: je, programu hiyo inasema Kiswahili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi ule wa kuthibitisha malipo?

Nauliza hivyo kwa sababu ya shangazi yangu, mkulima wa machungwa huko Muheza. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akitumia kiswaswadu, na kwa simu hiyo ndogo hakumhitaji mtu yeyote. Akibonyeza *150*00#, menyu ilimjia kwa Kiswahili, naye alikuwa amezijua namba zake kama anavyoijua njia ya kutoka nyumbani kwake hadi shambani. Wanunuzi wa machungwa walimtumia fedha, akasoma ujumbe wa kuthibitisha, akaliona jina la aliyetuma na salio lililobaki, ndipo akaruhusu matenga yapakiwe. Umeme alinunua mwenyewe usiku, bila kutoka nje, na zile tarakimu 20 za LUKU alizinakili kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, nne nne, kisha akaenda kuziingiza kwenye mita moja baada ya nyingine. Mlango ule hadi leo una weupe wa chaki ambao haufutiki.

Mwaka jana watoto wake walimnunulia simu janja, wakamfungulia na akaunti ya benki, wakamwekea programu ya benki hiyo ili fedha za mavuno ziwe mahali pa usalama. Sitaitaja benki yenyewe, kwa kuwa si lengo langu kumshitaki mtu gazetini. Ninalotaka lijulikane ni kwamba kila kitufe cha programu ile kilikuwa kwa Kiingereza, na masharti yake kwa Kiingereza, na hata onyo la kutompa mtu namba ya siri lilikuwa kwa Kiingereza. Shangazi akafanya ambalo angelifanya mtu yeyote aliyekwama: akaipeleka simu kwa kijana mmoja pale sokoni, akamtajia namba ya siri, akamwomba amsaidie kuhamisha fedha ya mbolea. Kijana alimsaidia mara ya kwanza, na ya pili. Baada ya mara ya tatu, shilingi 180,000 hazikuonekana, na kijana naye hakuonekana tena sokoni.

Nilipokwenda kumwona nilianza kwa kulaumu, jambo ambalo ninalijutia. Nikamwambia, "Shangazi, namba ya siri hapewi mtu, hata mimi usinipe." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, nisipompa atanisomeaje?" Sikuwa na jibu, kwa sababu programu inaomba namba ya siri kabla haijafunguka, na msaada anaouhitaji mtu asiyejua Kiingereza unaanzia ndani, baada ya kufunguka. Tumezoea kusema wazee hawajielewi na hawatunzi siri, wakati aliyemlazimisha kuitoa siri hiyo ni yule aliyetengeneza mlango kwa lugha asiyoijua mwenye nyumba.

Sasa tuwatazame matapeli. Ujumbe wao sote tunaufahamu: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" Umeandikwa kwa Kiswahili cha nyumbani, kifupi, chenye sauti ya mtu anayekufahamu, na aliyeuandika anajua hata utaratibu wa mitandao yetu wa kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kulipa, kwa hiyo anaanza mapema kulizima shaka la jina geni. Basi mzee aliye na programu ile anapata ulaghai kwa lugha anayoielewa neno kwa neno, na tahadhari kwa lugha asiyoielewa. Tunahimizwa, na ni vizuri tuhimizwe, kuupeleka ujumbe wa namna hiyo kwenda 15040, na kupiga *106# ili kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Huduma hizo ni nzuri, nami nimezifundisha kwa majirani wengi. Hata hivyo haziwezi kumlinda mtu ambaye tayari ameikabidhi simu yake, ikiwa imefunguliwa, kwenye mkono wa mwingine.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa mambo ya kitaalamu. Jibu tunalo mifukoni mwetu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, haikuukuta umma ukiwa bubu: wakala, salio, makato, muamala, kuweka na kutoa ni maneno yaliyokuwemo katika biashara zetu, na huduma ikajengwa juu yake. Jina lenyewe limebeba neno pesa. Ninaamini kwamba fedha za simu zilienea upesi hadi vijijini kwa sababu hiyo pamoja na nyingine, kwani mama lishe hakuhitaji kwanza kwenda shule ya lugha ndipo apokee malipo ya chakula chake. Hata neno "pakua", ambalo baadhi ya watu hulicheka, shangazi alilielewa papo hapo nilipomwambia kwamba programu inatoka kule iliko na kuwekwa katika simu yako, kama wali unavyotoka chunguni ukawekwa katika sahani yako.

Ila nisieleweke kwamba Kiswahili chochote kinafaa. Fasiri iliyofanywa kwa mashine na kuachwa bila kusomwa na mtu inaweza kuleta hasara kuliko kutokuwepo kabisa. Nimewahi kuona tangazo ndani ya programu likisema huduma itasimama kuanzia "saa 10:00 usiku", na aliyeliandika alikusudia saa nne usiku. Kwetu saa kumi usiku ni karibu na alfajiri. Mfanyabiashara aliyepanga kulipia mzigo wake saa tano usiku akiamini bado ana muda atakuta huduma imefungwa, na gari limeondoka. Vivyo hivyo "nywila" ni neno zuri, nalitumia katika maandishi, lakini kwenye kitufe atakachokibonyeza mtu wa kawaida ningependa kuona "namba ya siri" au "neno la siri", ambayo hayahitaji maelezo.

Mwandishi wenu aliitaja WhatsApp kwa sababu ya makundi ya familia na ya kazi. Mimi ningeitaja kwanza kwa sababu ya ujumbe wa sauti, uliokuwemo humo tangu mwaka 2013. Shangazi haandiki kwa wepesi, macho yake yamechoka, lakini hushika alama ile ya kipaza sauti kwa kidole gumba, husema bei ya tenga na siku ya kuchuma, huachia, na mnunuzi aliye Dar es Salaam huisikia sauti yake. Kwa programu hii hakuna aliyemsomea, na hakuna aliyemwandikia. Jumamosi moja tulikaa barazani, nikaingia katika mipangilio ya simu yake na kuigeuza lugha kuwa Kiswahili, na WhatsApp nayo ikafuata. Alipitisha kidole taratibu juu ya kioo akisoma kwa sauti: "Ghairi. Tuma. Futa." Kisha akaniuliza kwa nini watoto hawakufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Programu ya benki, tulipoifungua, ilibaki vilevile.

Mwaka 2021 nchi yetu ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka huohuo UNESCO ikaitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ikiwa hakimu anatakiwa kumsikiliza mkulima kwa Kiswahili, sioni sababu ya mtunza fedha zake kushindwa. Zipo taasisi za fedha ambazo zimekwisha kufanya hivyo, na programu zao humuuliza mteja lugha anayoitaka. Nazipongeza, na naziomba nyingine zilifanye swali hilo kuwa la kwanza kabisa, kabla ya namba ya siri, tena liandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu mtu asiyejua Kiingereza hawezi kwenda kuitafuta lugha yake mahali palipofichwa nyuma ya kurasa tatu za Kiingereza.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, nina ombi dogo. Mtakapochapa tena orodha ya programu mnazozipendekeza, chini ya kila moja mwongeze mstari mmoja unaosema kama ina Kiswahili, na kama Kiswahili hicho kinafika hadi kwenye ukurasa wa malipo. Gazeti hili husomwa kwa shangazi kila Jumapili baada ya chakula, na mstari huo ndio atakaoutaka usomwe kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Tanga