Watoto wa vichwa vikubwa waruhusiwe na picha zao

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa kwa sababu ya maji kujaa ndani ya ubongo, tunaoishi mbali na hospitali za upasuaji. Binti yangu alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam: alitobolewa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, bila kuwekewa mpira wa kuyatoa maji hayo kichwani. Tuliporuhusiwa kurudi Kahama nilipewa dawa na tarehe ya kliniki. Picha za kichwa zilibaki hospitalini.

Njia hii ilikuzwa hapa hapa Afrika Mashariki, Mbale nchini Uganda, na Dk. Benjamin Warf, aliyeongeza kuunguza tishu zinazotengeneza maji hayo. Alitafuta namna ya kuwaepusha watoto na mpira, maana mpira huziba au kuingia vijidudu, na mama wa kijijini huchelewa kumfikia daktari. Lakini tundu nalo huziba, hasa kwa watoto wachanga sana na wale ambao picha za kabla ya upasuaji zinaonyesha makovu ya maambukizi chini ya ubongo. Mara nyingi huziba ndani ya miezi 6 ya kwanza. Miezi hiyo mtoto yuko nyumbani, si wodini.

Tunaambiwa tuangalie utosi kuvimba, kutapika na macho kutazama chini. Mimi sikusubiri hayo. Mzunguko wa kichwa ulipoanza kuongezeka haraka kwenye kadi, nilimpeleka kupigwa altrasaundi ya utosini hapa hapa mkoani. Daktari akaniambia chemba za maji, yaani nafasi ndani ya ubongo maji hayo yanamokaa, ni kubwa, kisha akauliza: baada ya upasuaji zilikuwaje? Sikuwa na cha kumwonyesha. Chemba huweza kubaki kubwa hata kwa mtoto ambaye tundu linafanya kazi vizuri, kwa hiyo picha moja haikumtosha kuamua. Tukapanda basi hadi Dar es Salaam, mtoto akilia njia nzima. Tundu lilikuwa limeziba.

Wizara ya Afya iagize kila mtoto apigwe altrasaundi kabla ya kuruhusiwa, mzazi apewe nakala, na vipimo vya chemba viandikwe kwenye kadi ya kliniki pamoja na mzunguko wa kichwa. Kisha hospitali ya mkoa irudie kipimo hicho ndani ya wiki chache na kulinganisha, utosi ungali wazi. Ukishafunga, kipimo hiki cha bei nafuu hakipiti tena, na wa Kahama atabaki kutafutiwa siti skani.

Mzazi,
Kahama, Shinyanga