Kwa wajina wangu: hivi vipaumbele 31

Wajina wangu,

Salamu nyingi sana. Natumai u mzima wa afya. Hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na macho yangu, na safari hii mashaka hayo si ya kimila tu, maana hapo Tromsø jua limeshaaga tangu mwisho wa Novemba na halirudi mpaka katikati ya Januari. Vaa soksi mbili. Kimya changu tutakizungumza siku nyingine. Leo nina haraka kwa sababu umeandika "maoni kabla ya Ijumaa" na leo ni Jumatano.

Nimeisoma mara mbili rasimu yenu ya vipaumbele vya utafiti wa jamii za Aktiki, yaani nchi za kaskazini kabisa mwa dunia, kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia. Vipaumbele 31! Hivyo si vipaumbele, wajina, hiyo ni orodha ya waalikwa wa harusi: kila ukoo umetajwa asije mtu akanuna. Naona mkono wa mwenzenu Babu Takwimu kuanzia namba 6 mpaka 11, na namba 22 ni Shemeji mtupu, hata koma zake nazijua.

Shida ya orodha ndefu si uzuri wake. Shida ni kwamba kuna mtu mwingine atakayeifupisha. Mwaka huo wa ncha, wa 2032–33, ambao nchi nyingi huutumia kuzitafiti ncha kwa pamoja, utakuwa wa tano. Ule wa kwanza, 1882–83, ulikuwa wa vituo vya hali ya hewa na sumaku ya dunia. Ilibidi tusubiri mpaka ule wa 2007–2008 ndipo watu wanaoishi kule wapewe nafasi rasmi kama mada ya utafiti. Sasa mkiingia mezani na mambo 31 mbele ya wenye meli, satelaiti na mashine za kutobolea barafu, watachagua wao. Watachagua lile linalowafaa kama kiambatisho cha mradi wao: "na tuongeze mtu wa sayansi ya jamii awahoji wanakijiji." Unajua huwa linaishia wapi.

Basi fanyeni hivi. Chini ya kila kipaumbele andikeni mistari mitatu. Wa kwanza: nani anasubiri jibu? Kwa jina lake, awe baraza la kijiji, chama cha wafugaji au ofisi ya manispaa. Wa pili: akilipata ataamua nini? Wa tatu: analihitaji kabla ya lini? Mstari wa kwanza ukijazwa "watunga sera", kipaumbele hicho kifuteni. Sijawahi kumwona huyo Bwana Watunga Sera akisubiri kitu.

Chukua namba 14, "Ustahimilivu wa jamii za Aktiki katika mabadiliko ya tabianchi". Nani anausubiri huo ustahimilivu? Sasa weka pembeni yake mambo ya magharibi ya Alaska. Kijiji cha Shishmaref, kinacholiwa na bahari, walipiga kura ya kuhama mwaka 2016, na kijiji bado kiko palepale kisiwani. Wa kijiji cha Newtok walianza kuhamia kijiji kipya, Mertarvik, mwaka 2019, familia chache kwanza. Oktoba 2025 mabaki ya kimbunga Halong yakasomba nyumba vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, watu wakabebwa kwa ndege mpaka Anchorage. Hapo maswali yanayosubiri majibu yanahesabika: kijiji kikigawanyika sehemu mbili kwa miaka kadhaa, bajeti ya shule inafuata watoto au inabaki na jengo? Umeme na maji vinaendeshwa na nani upande usiopokea tena fedha? Kati ya nyumba ya kwanza na zahanati inapita miaka mingapi? Baraza la kijiji linahitaji majibu hayo likae na ofisi za serikali. Hicho ni kipaumbele. Namba 14 ni kichwa cha warsha.

Lakini tafadhali, msipeleke wahoji huko sasa hivi. Aliyepoteza nyumba asigeuzwe mhojiwa. Anzeni na karatasi zilizokwisha kuwepo: kumbukumbu za vikao, vibali vya ujenzi, bajeti za shule. Zinaweza kujibu sehemu kubwa bila kumsumbua mtu.

Namba 6 mpaka 11, hizi za Babu Takwimu. Nia yake ni njema, anataka viashiria vinavyolingana nchi zote. Ila mwambie hivi. Kijiji cha watu 400 kinaweza kuwa na vijana wa kiume 35 wa miaka 15 hadi 24. Akijiua mmoja, kiwango ni 2,857 kwa kila 100,000. Mwaka unaofuata asipojiua yeyote, kiwango ni sifuri. Hizo si takwimu, ni msiba na kimya. Ili upate kitu chenye maana inabidi ujumlishe miaka mitano au kumi, au vijiji kadhaa, na ukijumlisha vijiji unapoteza kile kilichokupeleka, yaani tofauti ya kijiji na kijiji. Halafu hata ukificha jina la kijiji, wenyewe watamjua mhojiwa kwa umri na kazi tu.

Na hapo bado hujavuka mpaka. Norway haina daftari la nani ni Msami, yaani mwenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia. Kilicho karibu nalo ni daftari la wapiga kura wa Bunge la Wasami, ambalo mtu hujiandikisha kwa hiari yake. Greenland huhesabu kwa mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo Mgreenland aliyezaliwa Copenhagen anaingia safu nyingine. Kanada humwuliza mtu ajitambulishe mwenyewe. Marekani, sensa ya 2020 ilitia makusudi makosa madogo katika hesabu za maeneo madogo ili kulinda siri za watu, jambo jema mjini, lakini kijijini kwenye watu 60 makosa hayo madogo si madogo tena. Safu nne, maana nne, jedwali moja. Jedwali zuri kwa macho, basi.

Ukitaka mfano wa kumtuliza, mkumbushe ule uchunguzi wa hali ya maisha ulioanzia Greenland mwaka 1997, uliofikisha mahojiano zaidi ya 7,000 miongoni mwa Wainuit, wenyeji wa Aktiki wa Greenland, Kanada na Alaska. Watu husifu ile idadi na kusahau kwamba maswali yenyewe yalijadiliwa na wenyeji kwanza. Ndipo ikajulikana kwamba kipato peke yake hakielezi kama mtu anaishi vizuri: nyama ya sili kwenye friza, mashua inayofanya kazi na jamaa wa kugawana nao navyo huhesabiwa. Vile viashiria vya kijamii vya Aktiki vilivyotoka 2010 vilifanya vivyo hivyo: juu ya afya, elimu na mali viliongezwa ukaribu na maumbile, uhai wa utamaduni na uwezo wa watu kujiamulia mambo yao. Huo wa mwisho ni mgumu kuupima, na ndio unaogombaniwa kila siku.

Sasa nirudi kwenye kile cha nani anasubiri, maana kina gharama na rasimu yenu haina hata mstari mmoja wa fedha. Hukuti mwenye swali kwa kumwandikia barua pepe wiki moja kabla ya andiko kufungwa, ukimwomba "barua ya kuunga mkono". Mwaka 2020 mashirika ya wenyeji wa eneo la Bahari ya Bering yaliwaandikia wafadhili wa sayansi wa Marekani kulalamikia mpango mmoja mkubwa wa utafiti wa Aktiki kwa mambo ya namna hiyohiyo: maombi mengi mno kwa vijiji vidogo, muda mfupi, na maswali yaliyokwisha kupikwa mahali pengine. Kwa hiyo pendekezeni wazi: katika kila ruzuku ya miaka mitano, mwaka wa kwanza ulipwe bila swali la utafiti kuwa limefungwa. Mimi ningetenga sehemu moja ya tano ya fedha. Itoke humo mshahara wa mratibu anayeishi kijijini (mshahara, wajina, si posho ya kikao), safari mbili za watu wawili, wakalimani, na siku za ziada, kwa sababu ndege ndogo hairuki kwenye ukungu na utalala sakafuni shuleni siku tatu zisizo kwenye bajeti. Na iandikwe kwamba kijiji kikisema "hapana" mwisho wa mwaka, mfadhili halidai shirika fedha zake. Bila kifungu hicho ile "ndiyo" si ridhaa.

Wakalimani nao msiwaweke kama chumvi. Dodoso la maswali 60 kwa Kalaallisut, lugha ya Greenland, na Kisami cha Kaskazini linafasiriwa, linarudishwa Kiingereza na mtu mwingine asiyeona la kwanza, linajaribiwa kwa watu wanane au kumi kila lugha, linasahihishwa, ndipo lichapishwe. Panga miezi minne. Ukienda na Kiingereza peke yake umeshachagua watakaokujibu: vijana, wenye ajira za ofisini, waliosoma mbali. Nunavut, eneo la Wainuit huko Kanada, wenyewe wameliona, ndiyo maana huwezi kupata leseni ya utafiti bila muhtasari uliotafsiriwa kwa Kiinuktitut, lugha yao.

Halafu kalenda! Naona mmeweka mashauriano Aprili na Mei. Nani aliwashauri? Utqiaġvik, kaskazini mwa Alaska, wakati huo watu wako barafuni wanamsubiri nyangumi. Kautokeino, kwa wafugaji wa Kisami wa Norway, reindia (kulungu wa kaskazini wanaofugwa) wanazaa mwezi Mei na hakuna mfugaji atakayekaa mbele ya kompyuta. Julai ni samaki na kutia ndama alama, na vuli ina uwindaji na machinjo. Januari na Februari ndiyo nafasi yenu, na ndiyo miezi mnayoogopa kusafiri. Msitegemee vikao vya video pia: Juni 2023 barafu ilikata kebo ya baharini kaskazini mwa Alaska na intaneti ikasuasua takriban miezi mitatu. Wekeni simu ya kawaida na karatasi.

Namba 3 inasema "Aktiki nzima". Aktiki nzima ina watu kama milioni 4, karibu nusu yao wako Urusi, na tangu Machi 2022 nchi nyingine saba zilisimamisha kufanya kazi pamoja na Urusi katika Baraza la Aktiki, jukwaa la nchi zote nane za huko. Kilichorudi tangu hapo ni kidogo. Ama mwandike "nchi saba" kwa unyofu, ama mtenge fedha kwa kazi ya mbali: picha za satelaiti, nyaraka za zamani, magazeti ya mikoa, mazungumzo na waliohama. Picha ya satelaiti itakuonyesha bomba jipya. Haitakuambia nani alihamishwa kupisha bomba. Na waliobaki huko majina yao yasiandikwe kwenye andiko lolote. Hili halina mjadala.

Namba 22 ya Shemeji, nishati safi na haki za wenyeji, mimi ningeipandisha kileleni. Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba leseni za mashamba ya umeme wa upepo ya Storheia na Roan huko Fosen zilivunja haki ya Wasami ya kuishi utamaduni wao wa ufugaji. Mitambo 151 ilikwisha kusimama inazunguka. (Najua Fosen iko kusini ya Mzingo wa Aktiki, usinirudishie darasa la jiografia.) Siku nane baadaye, tarehe 19 Oktoba, mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru, Kenya, ikaamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Wafugaji wawili wasiojuana, upepo mmoja. Swali linalosubiriwa pande zote mbili ni la kabla ya kibali: nini kipimwe kabla nguzo ya kwanza haijasimama? Malisho ya baridi yanavyotumika mwaka mbaya, saa za kazi za familia, njia za mifugo. Kesi ikifika mahakamani na kipimo cha awali hakuna, kila upande unaleta mtaalamu wake na hakimu anabaki kupima maneno. Na 2026 ndio mwaka wa Umoja wa Mataifa wa nyanda za malisho na wafugaji, mlango uko wazi. Sijui kwa nini Shemeji ameizika huko chini, labda aibu.

Kuhusu kurudisha matokeo mmeandika sentensi moja. Haitoshi. Ule utafiti wa pombe uliofanywa Barrow mwaka 1979, Utqiaġvik ya leo, matokeo yake yalitangazwa kwa waandishi wa habari Philadelphia, Januari 1980. Mji mzima ukasomewa magazetini kwamba ni wa walevi. Miaka zaidi ya 40, na bado ukitaja utafiti unatajiwa huo. Andikeni tu: wenyeji kwanza, siku 60 za kusoma na kujibu, na data zinakaa kwao. Mkakati wa utafiti wa Wainuit wa Kanada wa 2018 umelisema vizuri, pamoja na mambo mengine manne. Ningenakili bila haya na kuwataja.

Ukiniuliza, 31 zibaki saba. Nane kama Babu Takwimu atalia.

Sasa niambie. Kati ya watu 30 wa mashauriano, wangapi wanatoka vijijini, na wanalipwa siku zao au wanapewa kahawa? Nani ana neno la mwisho, kamati au mfadhili? Kuna mtu yeyote wa Nuuk, mji mkuu wa Greenland, humo? Wafugaji wa Kautokeino mmewaandikia wenyewe, au mmeandikia chuo kwa niaba yao? Namba 27 ni ya nani, na je, huyo mtu ameshaambiwa kwamba imeandikwa mara mbili, namba 27 na namba 9? Ijumaa ni ya saa ngapi, yenu au yetu? Na ile sufuria ya Mama Mdogo uliyokwenda nayo, utairudisha lini? Ananiuliza mimi kila wiki.

Nitumie ile yenye mistari mitatu hata kama haijakamilika.

Ni mimi,
wajina wako